Mkono Mtupu Haulambwi: Mwanaharakati na Mpiga Kura katika Filamu ya Softie

Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya uchaguzi, lakini sijui nyingine inayoeleza vizuri zaidi kinachompata mtu mwema anapoamua kugombea. Filamu ya Softie, iliyoongozwa na Mkenya Sam Soko na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance, Marekani, Januari 2020, inamfuata mtu wa namna hiyo. Ni Boniface Mwangi, mpiga picha na mwanaharakati aliyegombea ubunge wa Starehe, katikati ya jiji la Nairobi, mwaka 2017. Alikwenda kwa wapiga kura bila pesa za kugawa, akashindwa.

Katika makala haya ninadai kwamba Softie ni filamu nzuri inayouliza swali moja kwa ujasiri na kulipita jingine kwa haraka. Swali inaloliuliza ni hili: kati ya nchi na familia, kipi kitangulie? Swali inalolipita ni hili: yule anayenyoosha mkono mbele ya mgombea ni nani, na anaomba nini hasa? Naona swali la pili ndilo lenye uzito zaidi kwetu tunaosoma Kiswahili katika nchi jirani, kwa sababu mikono hiyo tunaijua. Nimeiona Uganda, na wenzangu wa Burundi na Kongo wataitambua bila kuelezwa.

Filamu na mhusika wake

Nianze na yanayojulikana. Boniface Mwangi alipata jina kwa picha alizopiga wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ghasia zilizoua watu zaidi ya elfu moja. Picha hizo hakuziacha magazetini. Kupitia maonyesho ya Picha Mtaani alizitembeza katika miji ya Kenya ili wananchi waone walichotendeana. Tarehe 1 Juni 2009, siku ya Madaraka, alimpigia Rais Kibaki kelele katika uwanja wa Nyayo, akakamatwa. Mwaka 2013 alikuwa miongoni mwa walioongoza maandamano ya kupinga wabunge kujiongezea mishahara, ambapo nguruwe na damu vilipelekwa hadi mbele ya Bunge. Miaka minne baadaye aliomba kuingia katika jengo hilohilo, kwa tiketi ya chama kipya cha Ukweli.

Soko alimfuata kwa miaka kadhaa. Mradi ulianza kama video fupi ya kuwafundisha wanaharakati kazi yao, ukakua hadi kuwa filamu ndefu. Tunaona maandamano, mabomu ya machozi, mikutano ya kampeni, na katikati ya hayo yote tunaona nyumba yenye watoto watatu wanaotaka baba acheze nao. Vitisho vinapoongezeka, mkewe, Njeri, anakwenda Marekani na watoto, naye Boniface anabaki Nairobi na kampeni yake. Sundance iliipa filamu hii tuzo maalumu ya uhariri, na ilistahili. Kukata miaka mingi ya picha mpaka ibaki hadithi isiyofikia saa mbili, huku mtazamaji akijua kila mara yuko mwaka gani na moyo wa mhusika uko wapi, ni kazi ngumu.

Jina la filamu nalo lina maana. Softie ni jina la utani la utotoni, la mtoto aliyeonekana laini. Watazamaji wengi wanamjua Boniface kama mtu wa kupiga kelele, na jina hili linawaonya mapema kwamba watakutana na mtu mwingine. Mkurugenzi anatimiza ahadi hiyo. Hatuonyeshwi shujaa wa sanamu. Tunamwona mtu anayechoka, anayesahau mambo ya nyumbani, na asiyekuwa na jibu kila mara mkewe anapomuuliza jambo.

Mkono unaoombwa

Sehemu iliyonifanya niandike makala haya ni ile ya kampeni mitaani. Mgombea anapita sokoni na vijiweni, anasalimia, anaeleza sera. Watu wanamsikiliza, wengine wanamsifu, halafu linakuja ombi: utatuachia nini? Boniface anakataa. Ameahidi kufanya siasa bila kununua kura, na kampeni yake inaendeshwa kwa michango ya watu wanaomuunga mkono. Sheria iko upande wake pia, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya Kenya ya mwaka 2016 inamfanya mtoaji wa hongo na mpokeaji wake wote wawili kuwa wakosaji.

Filamu inaliwasilisha jambo hili kama ugonjwa. Mgombea ni mzima na jamii inaumwa. Ombi linasikika, mgombea anahuzunika, kamera inasonga mbele. Hapa ndipo ninapotofautiana na Soko. Sisemi Boniface angetoa pesa. Alifanya vyema kukataa, na filamu ifanye vyema kumheshimu kwa hilo. Lakini mtu anaweza kukataa ombi na bado akakaa chini kumsikiliza mwombaji. Mgombea ana haraka, kwa sababu uchaguzi una tarehe. Mtengeneza filamu hakuwa na haraka hiyo. Alikuwa na miaka.

Kama angesimama, angesikia nini? Naamini angesikia historia. Neno harambee, ambalo sisi wanafunzi tunalijifunza kama neno la kuvuta pamoja, lilikuwa wito wa Jomo Kenyatta tangu uhuru wa mwaka 1963. Wananchi walichanga na shule zikajengwa. Lakini kadiri miaka ilivyopita, jukwaa la harambee likawa pia mahali pa mwanasiasa kuonyesha ukubwa wa mfuko wake. Aliyetoa kingi alipigiwa makofi, na aliyetoa kidogo aliulizwa kama kweli anataka kiti. Mwaka 2003 Kenya ikaanzisha mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, unaojulikana kama CDF, na kuanzia hapo pesa za serikali za madarasa na za karo za wanafunzi maskini zikawa zinahusishwa na ofisi ya mbunge. Katiba inasema mbunge anatunga sheria, anawakilisha watu na kuisimamia serikali. Mzazi wa Pangani au Ngara anamfahamu kwa njia nyingine: ndiye mwenye fomu ya basari.

Basi mtu anayemuuliza mgombea atamwachia nini anarudia somo alilofundishwa na dola yake kwa zaidi ya miaka hamsini, kwamba kiongozi ni mkono unaotoa. Anaweza pia kuwa amepiga hesabu yake vizuri kabisa. Amewaona wagombea wengi. Waliotoa hawakurudi, na wasiotoa hawakurudi vilevile. Kati ya hao wawili, wa kwanza angalau alimwachia pakiti ya unga. Kumwita mtu huyo mlafi ni rahisi. Ni vigumu zaidi kumpa sababu ya kuamini kwamba huyu wa sasa ni tofauti, na sababu hiyo haipatikani katika mkutano wa dakika ishirini.

Ndiyo maana naisoma methali ya mkono mtupu kwa namna mbili. Usomaji wa kwanza ndio wa kawaida: usipotoa, hupati. Usomaji wa pili unauliza mkono huo ulikuwa na nini kabla ya siku ya leo. Aliyemshinda Boniface Starehe ni Charles Njagua Kanyi, mwanamuziki ajulikanaye kama Jaguar, aliyegombea kwa tiketi ya chama tawala cha Jubilee. Wimbo wake uliovuma sana, Kigeugeu, unawasema watu wasioaminika, na baadhi ya wachambuzi waliona kinaya katika ushindi wake. Sisi Waganda tuliliona jambo la karibu na hilo mwaka huohuo, Juni 2017, Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, aliposhinda uchaguzi mdogo wa Kyadondo Mashariki. Wawili hawa wana siasa tofauti kabisa, na wa kwanza alikuwa na chama tawala nyuma yake huku wa pili akipambana na dola. Ila wote wawili walikuwa wamekwisha kuingia nyumbani kwa watu kwa redio na kwa harusi kabla ya kuomba kura. Mikono yao haikuwa mitupu.

Boniface naye alikuwa ametoa mengi, pengine zaidi ya wote wawili. Alikuwa ametoa picha, sauti, damu yake mwenyewe. Lakini filamu inatuonyesha zawadi hizo zikipelekwa kwa nchi nzima, kwa Kenya kama wazo. Haituonyeshi kilichokwisha kufika Ziwani au Landimawe kabla ya mabango ya kampeni. Labda kilikuwepo. Kama kilikuwepo, tulipaswa kukiona, kwa sababu bila hicho mtazamaji anabaki akiwalaumu wapiga kura kwa kutomtambua mtu ambaye hata filamu haijamtambulisha kwao.

Anayeeleza na anayeomba

Kama mwanafunzi wa lugha, niliitazama filamu mara ya pili nikiwa nafuatilia jambo moja tu: nani anasema kwa lugha gani. Boniface na Njeri wanapokaa mbele ya kamera kutueleza maisha yao na historia ya siasa za Kenya, kwa sehemu kubwa wanatumia Kiingereza. Mitaani, sokoni na majukwaani kuna Kiswahili na Sheng, na chini ya picha yanapita maandishi ya tafsiri. Ni hali halisi ya Nairobi, na hakuna anayeweza kuilaumu filamu kwa kuwaacha watu waseme wanavyosema.

Lakini mgawanyo huu una matokeo. Wanaoeleza wanaeleza kwa Kiingereza, na wanaoomba wanaomba kwa Kiswahili. Mtazamaji wa Sundance, asiyejua neno letu hata moja, anatoka na picha kwamba fikra ziko upande mmoja na tumbo liko upande mwingine. Anayejua Kiswahili anasikia zaidi. Anasikia kwamba ombi la pesa mara nyingi huja limevikwa utani, kwamba kuna heshima ndani yake, kwamba kumwita mgombea mheshimiwa kabla hajashinda ni kumpaka mafuta na pia ni kumpima. Anasikia kuwa kuna watu wanaomcheka mgombea kwa upole, na wengine wanaomtaka aombe vizuri zaidi. Tafsiri ya maandishi haina nafasi ya kuyabeba yote hayo, na msimulizi hatusaidii.

Kwa msomaji wa Uganda jambo hili lina uchungu wake. Kwetu Kiswahili kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya askari. Wazee wetu wanakikumbuka kama lugha ya amri kwenye vizuizi vya barabarani, na hadi leo baadhi yao hushangaa wanapotusikia tukikisoma kwa hiari. Mwaka 2022 Baraza letu la Mawaziri liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Kwa hiyo kumsikia mgombea akinyenyekea kwa Kiswahili, akiombea kura katika lugha ambayo bibi yangu aliisikia ikiamuru watu walale chini, ni jambo linalonigusa kuliko linavyoweza kumgusa Mkenya. Ni lugha ya mtu anayehitaji kibali cha mwenzake. Hiyo ni sifa ninayoipa Softie kwa moyo wote, ingawa sina hakika kama watengenezaji wake waliikusudia.

Njeri, mhakiki wa ndani

Nguvu kubwa ya filamu hii ni Njeri Mwangi. Filamu nyingi za wanaharakati huwafanya wake zao mapambo: wanalia mahakamani, wanasubiri simu usiku. Njeri anafanya zaidi. Ni mshiriki katika harakati, na pia ndiye anayesema ndani ya filamu yale ambayo mhakiki angeyasema nje yake. Anauliza nani atalea watoto, nani aliulizwa kabla ya uamuzi wa kugombea kufanywa, na kwa nini kuipenda nchi kumfanye mtu awe mgeni nyumbani kwake. Anauliza bila kuikana kazi ya mumewe. Mume na mke wanapozungumza wakiwa wametenganishwa na bahari, tunaelewa kwamba siasa safi nazo zina gharama, na gharama hiyo mara nyingi hulipwa na mtu ambaye jina lake haliko kwenye karatasi ya kura.

Inafaa kulinganisha hapa na filamu ya Bobi Wine: The People's President, ya Moses Bwayo na Christopher Sharp, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2024. Humo Barbie Itungo Kyagulanyi ni nguzo. Anasimama na mumewe katika mateso makubwa, na heshima yake haina mfano. Lakini filamu ile haimpi nafasi kubwa ya kubishana na mumewe. Softie inampa Njeri nafasi hiyo, na kwa hilo imeipita filamu ya kwetu.

Ninachosikitikia ni kwamba mkurugenzi aliyejua kumsikiliza Njeri kiasi hicho hakuutumia uwezo huo mitaani. Swali la Njeri na swali la mpiga kura ni ndugu. Wote wawili wanamuuliza mtu anayepigania wengi: na mimi niliye mbele yako, umeniletea nini? Njeri alipouliza, filamu ilikaa kimya ikasikiliza. Mpiga kura alipouliza, filamu ilihuzunika na kuendelea na safari.

Diwani, wadi na mstari wa LC1

Kuna neno moja ambalo wanafunzi wa fasihi hucheka wanapolijua vizuri. Diwani ni mkusanyiko wa mashairi, na diwani ni mjumbe wa baraza la mji. Maana zote mbili zimetoka katika neno moja lililotufikia kupitia Kiarabu na Kiajemi, lenye kubeba wazo la daftari na la baraza, yaani vitu vilivyokusanywa mahali pamoja. Kenya siku hizi humwita mwakilishi wa wadi, kwa sababu Katiba ya mwaka 2010 ilileta serikali za kaunti 47, na tangu uchaguzi wa 2013 Nairobi ina bunge la kaunti mahali pa halmashauri ya jiji ya zamani. Mkenya anapopiga kura hupewa karatasi sita, kuanzia ya rais hadi ya mwakilishi wa wadi. Starehe ina wadi sita. Siku ileile Boniface aliposhindwa ubunge, watu wa Starehe walikuwa pia wakichagua madiwani sita, na filamu haituambii lolote la maana juu yao.

Naona pengo hapo. Filamu inaliona Bunge kuwa mahali pekee ambapo mwanaharakati anaweza kuhamishia kazi yake. Naelewa sababu. Ni kwenye lango la Bunge alikokuwa ameandamana, na ni sheria za taifa alizotaka kuzibadilisha. Lakini kazi ya kuwakusanya watu, ambayo ndiyo kazi ya mwanaharakati wa mtaa, ina jamaa yake wa karibu zaidi katika baraza la chini kabisa. Takataka, maji, taa za barabarani, vibanda vya wauzaji, karo ya chekechea: huko ndiko mpiga kura anakoweza kumpima kiongozi kwa macho yake bila kusubiri ripoti ya mtu.

Nitoe mfano wa kwetu. Tarehe 10 Julai 2018 Uganda ilifanya uchaguzi wa LC1, baraza la kijiji, kwa mara ya kwanza tangu 2001. Hakukuwa na karatasi za siri. Watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wao wakahesabiwa. Nilikuwa bado shule ya sekondari, na katika kijiji chetu, nje kidogo ya Kampala, nilisimama kando nikitazama. Mmoja wa wagombea alikuwa mama aliyeendesha kwa miaka mingi chama cha kusaidiana katika misiba, kile tunachokiita kwa Kiganda munno mukabi. Alikuwa na daftari la michango, mikeka, masufuria makubwa, na simu ambayo haikuzimwa usiku. Mpinzani wake alikuwa amegawa sukari na sabuni jioni iliyotangulia. Sukari ilipokelewa nyumba kwa nyumba, na asubuhi mstari mrefu ulikuwa nyuma ya yule mama.

Sitaki kulipamba tukio hilo. Katika mstari mfupi walikuwamo wapangaji waliosimama pale kwa sababu mwenye nyumba wao alikuwa akiwaangalia. Wakenya wanaujua ubaya wa kupiga kura kwa mstari tangu uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, ambapo, kwa malalamiko ya wengi, mistari mirefu ilitangazwa kuwa mifupi na mifupi kuwa mirefu. Kura ya siri ni haki ya maskini, na siwezi kutetea kuondolewa kwake. Ninachochukua katika mfano huu ni kimoja tu: yule mama hakuwa na haja ya kuhubiri juu ya hongo. Wapokeaji wa sukari walijua kwamba mkono wake ulikuwa umejaa tangu zamani, na kwamba wao wenyewe walikuwa na sehemu katika daftari lake. Hakuwaahidi kuwapa kitu. Kwa miaka alikuwa amewaomba wao watoe, elfu moja moja za Uganda, na kila aliyetoa alijiona mwenye chama.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti kati ya mkusanyaji wa watu na mgombea. Mkusanyaji huomba watu wachange. Mgombea huombwa na watu. Mtu yuleyule anapovuka kutoka nafasi ya kwanza kwenda ya pili, wananchi humgeuzia mkono palepale, hata kama moyo wake haujabadilika. Boniface alijaribu kubaki mkusanyaji: aliomba michango midogo kwa watu wengi, akaomba vijana wajitolee. Pambano hilo, la mtu anayekataa kugeuzwa kuwa mfuko, ndilo hadithi kubwa iliyofichika ndani ya Softie. Tunaiona kwa vipande. Inakatizwa kila mara na swali la familia, ambalo lina nguvu zaidi kwa machozi, na naamini linaeleweka kwa urahisi zaidi na watazamaji wa mbali.

Pingamizi mbili

Huenda mhadhiri akaniambia kwamba ninaidai filamu kazi isiyo yake. Softie ni picha ya mtu mmoja na nyumba yake, si utafiti wa jamii. Nakubali kwamba msanii huchagua. Lakini aliyechagua kumfuata mgombea amechagua na wapiga kura pia. Kampeni ni mazungumzo ya pande mbili, na kama tunausikia upande mmoja kwa kina na mwingine kwa maneno mawili matatu ya kuomba pesa, basi msanii amekwisha kutoa hukumu, hata kama hakukusudia.

Huenda mwanafunzi mwenzangu akaniambia pia kwamba kuwaelewa wanaoomba ni kuwatetea, na kwamba hongo ndiyo iliyotufikisha hapa. Najibu kwamba daktari anayeuliza ugonjwa ulianza lini hautetei ugonjwa. Vijana wengi wa umri wetu wanatamani kugombea nafasi za mitaa siku moja. Wakiingia na imani kwamba watu wao ni wala rushwa wasiofaa, watashindwa mara ya kwanza, watakasirika, na mara ya pili watakwenda na magunia ya sukari. Nimewaona waliopita njia hiyo. Dharau kwa mpiga kura huanza na uadilifu na kuishia sokoni, ikinunua kura.

Hitimisho

Mambo yaliyotokea baada ya filamu yanaifanya iwe muhimu zaidi kuitazama sasa. Mei 2025 Boniface Mwangi alikamatwa Dar es Salaam pamoja na Agather Atuhaire, mwanaharakati na mwanahabari wa Uganda, walipokuwa wamekwenda kufuatilia kesi ya Tundu Lissu. Walitupwa mpakani kila mmoja kwa wakati wake, na wote wawili wakaeleza hadharani kwamba waliteswa. Agosti mwaka huohuo Boniface alitangaza nia ya kugombea urais wa Kenya mwaka 2027. Safari iliyoanza Starehe inaendelea, na sasa imevuka mipaka hadi kwetu.

Kwa hiyo napendekeza filamu hii ioneshwe katika madarasa yetu ya Kiswahili, na ioneshwe kwa namna maalumu. Tufike kwenye matukio ya kampeni, tusimamishe picha, tuyafunike maandishi ya Kiingereza yaliyo chini, kisha kila mwanafunzi aandike kile anachosikia mpiga kura akisema: maneno, utani, cheo anachompa mgombea, na kile anachokiacha bila kukisema. Halafu tuyalinganishe na tafsiri. Naamini tutajaza kurasa kadhaa ambazo filamu haikuzijaza, na watu wa Starehe watapata majina na sababu. Boniface mwenyewe, akirudi kwao mwaka 2027, atawakuta wakiwa na swali lilelile.